Sinema katikati ya muchezo: inaongeza utamu ao inakula dakika?

Kila mutu mwenye alishapita kwenye chumba cha PlayStation anajua yale makelele. Vijana wawili wameshika maneti, wengine kumi wamesimama nyuma yao, na gafula muchezo unasimama. Yule mutu wa kwenye televizyo, mwenye walikuwa wanamuongoza, anaanza kutembea yeye mwenyewe. Anazungumuza na wengine, muziki unabadilika, na maneti haina tena kazi. Ni sinema ndogo imeingia katikati ya muchezo. Pale pale sauti mbili zinapanda. Wamoja wanalalamika: «Finya ipite!» Wengine wanajibu: «Wacha kwanza, tuone!»

Mabishano hayo haiko ya vijana wa Swima peke yao. Japani, Marekani na Ulaya, watu wenye kutengeneza michezo na wenye kuicheza wanabishana hivyo tangu miaka mingi. Wamoja wanasema kama sinema inaongeza utamu, kwa sababu muchezo bila hadisi ni kama mwili bila roho. Wengine wanasema kama inaharibu, kwa sababu mutu mwenye kutaka sinema angeenda kutazama sinema.

Lakini kwetu huku, kandokando ya ziwa, kuko sababu tatu zenye kufanya maneno hayo ikuwe na uzito zaidi. Ya kwanza ni pesa. Ya pili ni luga. Ya tatu ni mambo yenye sinema zile zinasema juu yetu sisi wenyewe, watu wa inchi yenye machimbo. Tuone moja moja.

Ilianza kama pumuziko

Mwaka wa 1980, Wajapani walitoa muchezo wenye kuitwa Pac-Man: kile kinywa cha manjano chenye kukula nukta na kukimbia mashetani. Kisha ngazi mbili, muchezo ulikuwa unasimama sekunde chache, na kichekesho kidogo kinapita: shetani anafukuza Pac-Man, halafu Pac-Man anarudia akiwa mukubwa kama nyumba, sasa yeye njo anafukuza shetani. Watu wanacheka, vidole vinapumuzika, muchezo unaendelea. Mwaka wenye kufuata, 1981, Donkey Kong ilianza kwa kuonyesha nyani mukubwa akipanda juu na kubeba mwanamuke. Hakuna hata neno moja lenye kusemwa, lakini kila mutoto alielewa mara moja juu ya nini anapaswa kupanda zile ngazi.

Kwa hiyo, kwa mwanzo sinema ilikuwa kama chumvi: kidogo tu, na kazi yake inajulikana.

Halafu CD ikakuja. Kasete za zamani za michezo zilikuwa na nafasi kidogo sana. CD moja ilikuwa na nafasi mara mingi zaidi. Final Fantasy VII ya 1997 ilikuja kwenye PlayStation ya kwanza ikiwa na CD tatu, na sehemu kubwa ya nafasi ile ilijazwa na sinema. Kulikuwa pia sababu ingine yenye watu wengi hawajue: mashini inahitaji wakati ili kupakia ngazi yenye kufuata. Sinema inaficha kule kungojea, kama vile shofere anapiga masimulizi wakati gari inapakia mizigo, ili abiria wasichoke.

Kutoka pale, watengenezaji walizoea. Mwaka wa 2008, Mujapani Hideo Kojima alitoa Metal Gear Solid 4 kwa PlayStation 3. Sinema ya mwisho ya muchezo ule, kwa ujumla, inafikia dakika 71. Kitabu cha Guinness kiliiandika kuwa rekodi. Ni karibu muchi muzima wa mpira, na mwenye kucheza ameshika maneti yenye haina kazi.

Dakika ni za nani?

Hapo njo tunafika kwetu. Mwenye alitengeneza sinema ya dakika 71 alikuwa anafikiria mutu mwenye kuikala kwake, kwenye kiti chake, na mashini yake, na umeme wenye haukatike. Hakufikiria chumba chenye kutumia pano la jua ao jenereta, wala mutoto mwenye kulipa kwa muchi ao kwa saa.

Tufanye hesabu. Tuseme mutoto amelipa nusu saa. Katika nusu saa ile kunaingia sinema tatu, kila moja dakika tatu. Dakika 9 zimekwenda. Zinabakia 21. Karibu sehemu moja juu ya tatu ya pesa yake imelipa kutazama, haikulipa kucheza. Na pesa ile inatoka wapi? Inatoka kwa baba mwenye kuchimba zahabu Misisi ao Lubichako, mwenye alituma kitu kidogo kwa telefone. Ao inatoka kwa mama mwenye aliamuka usiku kungojea mitumbwi ili auzishe ndagala. Kwa hiyo mutoto mwenye kulalamika «ipite!» haiko mujinga. Anatetea pesa ya wazazi wake, hata kama yeye mwenyewe hajui kulisema hivyo.

Lakini angalieni jambo moja la kushangaza. Mutoto yule yule, akicheza mpira wa FIFA na akifunga goli, hataki mutu afinye. Marudio ya goli ni sinema pia: maneti haina kazi, kamera inazunguka, muchezaji anakimbia na kufungua mikono. Mwenye amefunga anasema «wacha ionekane!» Mwenye amefungwa ameshafinya. Sekunde ni zile zile, pesa ni ile ile. Sasa juu ya nini huyu anazipenda na huyu anazichukia?

Ni kwa sababu goli lile ni kazi ya mukono wake. Sinema inamurudishia kile chenye yeye mwenyewe alifanya. Wala haiko dakika peke yake njo inaleta mabishano. Swali la kweli ni hili: sinema ile inahusu kazi yangu, ao inaninyanganya kazi yangu?

Mukono na jicho

Kuko watengenezaji wenye walichagua kuondoa sinema kabisa. Half-Life, ya Marekani, mwaka wa 1998, haimuondoe mwenye kucheza ndani ya macho ya yule mutu mwenye anamuongoza. Watu wanazungumuza mbele yako, ajali inatokea mbele yako, lakini wewe unaendelea kutembea na kugeuza kichwa. Kama hautaki kusikiliza, unaweza kuangalia ukuta. Hakuna mwenye alikufunga kwenye kiti.

Far Cry 2, ya 2008, ilifuata njia ile ile, na ilikuja karibu na kwetu: inatendeka katika inchi moja ya Afrika yenye vita, yenye haikupewa jina. Malipo ni almasi zenye hazijachongwa. Yule mutu wako iko na malaria, na dawa ikikosa unaona macho inafifia. Hakuna sinema yenye kukuambia «malaria ni mubaya». Mukono wako mwenyewe njo unatafuta kidonge.

Wenye kuchukia sinema wako na malalamiko ingine yenye haki. Umepigana saa mbili, umepita risasi elfu, na unafika mbele ya mukubwa wa maadui. Gafula sinema inaanza, na watu wawili tu wanakukamata kirahisi. Vijana wanakasirika: «Wakati alikuwa mu mikono yangu, hakushindwa!» Ao kinyume chake: umemuchosha adui mpaka mwisho, halafu sinema njo inamupiga pigo la mwisho. Ni kama kuchimba shimo miezi tatu, na siku mwamba wa zahabu unaonekana, PDG anakuambia upande juu, mwengine ataushika. Haki ya mukono imenyanganywa.

Lakini wenye kupenda sinema hawakose jibu. Katika Final Fantasy VII, ile ya 1997, unasafiri na musichana mumoja, Aerith. Unamupatia silaha, unamulinda, unamuzoea. Halafu, katika sinema, anauawa mbele yako, na maneti yako haiwezi kitu. Watu wengi wenye waliicheza zamani wanakumbuka siku ile mpaka leo. Kama mukono ungekuwa na nguvu ya kumuokoa, kifo kile hakingekuwa kifo. Kuko mambo mu maisha yenye haingoje mutu akuwe tayari. Familia za wachimbaji zinajua jambo hilo vizuri sana: habari ya shimo lenye kubomoka inakukuta nyumbani, mikono mitupu. Hadisi yenye kutaka kusema kweli juu ya huzuni inapaswa wakati fulani kuachilia mikono ya mutu bila kazi.

Kuko pia njia ya katikati. Mwaka wa 2016, FIFA 17 ilileta «The Journey», hadisi ya kijana Alex Hunter mwenye kutafuta kuwa muchezaji wa mpira mukubwa. Kati ya muchi na muchi kulikuwa sinema, lakini ndani ya sinema wakati fulani wanakuuliza: utajibu kwa hasira, kwa upole, ao kwa njia ya katikati? Jibu lako linabadilisha namna kocha na wapenzi wa timu wanakuona. Hapo mukono haulale kabisa.

Kwenye machimbo tunajua kipimo hicho bila kusoma kitabu. Asubui, mbele ya kushuka, mwenye kujua shimo anasema: miti ya upande huu imechoka, maji inatoka pale, leo tusipite kule. Hakuna muchimbaji mwenye akili mwenye kusema «ipite!» Maneno yale njo yanamurudisha nyumbani. Lakini mukubwa akizungumuza mpaka saa sita, hakuna mwenye atachimba. Na akishuka yeye mwenyewe kuchimba wakati timu inamutazama, sasa timu ni ya nini? Sinema ya muchezo iko vile vile. Ikutayarishe kwa kazi, ao ikuonyeshe matokeo ya kazi. Isifanye kazi kwa nafasi yako.

Luga yenye hatusikie

Sababu ya pili ni luga. Sinema nyingi za michezo zinasema Kiingereza. Mutoto wa Swima anasikia Kibembe, Kiswahili, na Kifaransa cha shule. Sinema ya dakika tano yenye hauelewe inakuwa ndefu kama dakika kumi na tano. Basi anafinya, na hadisi inapotea.

Muone matokeo. GTA San Andreas, ya 2004, inajulikana sana katika vyumba vya michezo. Mwenye kufinya kila sinema anabakia na kitu kimoja tu: kuiba gari na kukimbia polisi. Mama akipita anasema: «Huu ni muchezo wa wezi», na haiko na makosa, kwa sababu njo kitu anaona. Lakini sinema ya kwanza inaonyesha kijana mwenye alikuwa amehama mbali, mwenye anarudi kwao kwa sababu mama yake ameuawa, na hata mbele ya kufika nyumbani polisi wabaya wanamukamata. Ni hadisi ya mutoto mwenye kurudi kwenye matanga. Hiyo haifanye muchezo ule ukuwe wa watoto wadogo. Hata kwenye karatasi yake wameandika miaka 18. Lakini inaonyesha kama mwenye kuruka hadisi anabakia na mikono yenye kupiga bila kujua juu ya nini. Haraka haraka haina baraka, hata kwa wenye kuikala karibu na Baraka.

Na kwa luga, watu wa Afrika ya Mashariki walishapata dawa zamani. Dar es Salaam kulikuwa Lufufu, mwenye kueleza sinema za wageni kwa Kiswahili, sauti yake ikipita juu ya sauti ya sinema. Kenya wako na DJ Afro. Kampala wako na VJ Jingo, kwa Kiganda. Watu hao hawatafsiri neno kwa neno tu. Wanaeleza, wanachekesha, wanapatia wachezaji majina ya kwao, wanaonya: «Huyu mutamuona, ni musaliti.» Sinema yenye ilikuwa bubu inakuwa ya kwetu.

Muchezo wa video, wenyewe, haujapata musimulizi wake. Na hata hivyo si kitu kigumu. Bibi mwenye kusimulia hadisi jioni anasimama katikati, watoto wanaitika wimbo, halafu anaendelea. Hakuna mutoto mwenye kulalamika kama wimbo umekata hadisi, kwa sababu wakati wa wimbo yeye njo iko na kazi. Katika chumba cha PlayStation, wale kumi wenye kusimama nyuma hawana maneti. Wakati wa sinema njo wakati wao. Kijana mumoja mwenye kusikia Kiingereza ao Kifaransa anaweza kueleza kwa sauti, na chumba chote kinaingia ndani ya hadisi. Tena, michezo mingi yenye iliuzishwa Ulaya iko na maandishi ya Kifaransa. Mutu anayachagua mbele ya kuanza, kwenye ukurasa wa kupanga muchezo. Ni kazi ya dakika moja.

Wakati sinema inatuonyesha sisi

Sababu ya tatu njo nzito kupita zote. Michezo hii haiko mbali na sisi. Ndani ya PlayStation mule muko tantali, yenye kutoka kwenye koltani; muko pia zahabu kidogo, kwenye vile vyuma vidogo vyenye kupitisha umeme. Mwishoni mwa mwaka wa 2000, bei ya tantali ilipanda mara mingi katika dunia, wakati ule ule PlayStation 2 na telefone zilikuwa zinatafutwa sana, halafu 2001 ikaanguka. Wachimbaji wa Kivu wenye umri wanakumbuka miezi ile.

Na michezo ile, mara kwa mara, inageuka kutuangalia. Metal Gear Solid V, ya 2015, inakupeleka mwaka wa 1984 kwenye mupaka wa Angola na Zaire. Kuko mugodi wa almasi, na ndani yake mumefungwa watoto wenye walikuwa waaskari. Mwenye kulipa kazi anataka wauawe. Yule mutu wako anakataa, na kazi yako inakuwa kuwatosha salama. Mwenye kufinya sinema anaona tu kama ni watoto wenye kuchelewesha safari. Mwenye kusikiliza anaelewa kama muchezo unamuuliza swali.

Call of Duty: Black Ops II, ya 2012, ilionyesha Jonas Savimbi, mukubwa wa UNITA, katika vita ya Angola ya 1986. Watoto wake walienda mbele ya tribinali ya Nanterre, Ufaransa, wakisema baba yao ameonyeshwa kama mushenzi. Mwaka wa 2016 walishindwa. Mutu anaweza kuwa na maoni yake juu ya Savimbi, lakini jambo moja liko wazi: familia ile haikuona sinema ya muchezo kuwa kitu cha kufinya ipite.

Na kuko muchezo mumoja mudogo wa telefone, Phone Story, wenye ulitoka 2011. Ngazi yake ya kwanza ni Kongo: watoto wanachimba koltani, na kidole chako njo kinatuma walinzi kuwatisha wenye kupumuzika. Haina sinema yenye kusimamisha muchezo. Sauti inaeleza safari ya telefone wakati wewe uko unafinya. Ni mukono wako njo uko na makosa, na sikio lako linaelezwa makosa gani. Apple iliuondoa kwenye duka lake mbele ya siku ya kutangazwa kwake kuisha. Hapo hadisi na kazi ya mukono zilikuwa kitu kimoja, na njo maana ulichoma.

Waafrika pia walianza kusimulia wenyewe. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion mwaka wa 2016, hadisi ya mufalme kijana mwenye kufukuzwa kwenye kiti chake siku ya arusi na ya kutawazwa. Muko maneno mingi ndani, kwa Kifaransa pia. Wamoja watasema ni mingi sana. Lakini mutu mwenye wengine wamemusemea miaka yote, siku anapata kinywa, msimushangae akizungumuza kidogo zaidi.

Basi, tufanye nini?

Jibu la gazeti hili haliko «sinema zote ni nzuri» wala «zote zipite». Sinema ni nzuri wakati inatayarisha mukono, inaonyesha matokeo ya mukono, ao inasema huzuni yenye mukono hauwezi kuzuia. Inaharibu wakati inanyanganya kazi, ao inajipenda yenyewe mpaka inasahau mwenye kulipa.

Kwa mwenye chumba: kwa michezo ya hadisi, tafuteni bei ya ngazi kuliko bei ya dakika, ao musimamishe saa wakati sinema iko inapita. Hamutapoteza sana, na wateja watabakia mpaka mwisho wa hadisi. Kwa vijana: mara ya kwanza musikilize, na mwenye kusikia luga aelezee wengine. Mara ya pili, mukitaka, mufinye, tayari munajua.

Na kwa wazazi, baba akishuka kutoka chimbo ao mama akirudi kutoka pwani: musiulize tu «umekula pesa ngapi kule?» Muulize mutoto pia, yule mutu wa muchezo alikuwa anatafuta nini, na juu ya nini. Akijua kujibu, dakika zile hazikwenda bure. Akikosa jibu, ni yeye njo alikuwa anachezwa.